Wanafunzi wetu wanafaulu somo la VVU darasani, lakini wodini wanawakwepa wagonjwa: tuwafundisheje?

Mkufunzi wa Ziwa

Habari zenu ndugu wanataaluma. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga katika chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasimamia wanafunzi wa stashahada wanapokwenda wodini kwa mafunzo kwa vitendo. Ninaleta kwenu jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, na ningefurahi kupata maoni ya walio kazini, ya wanafunzi wenyewe, na ya wagonjwa ikiwa wamo humu.

Darasani wanafunzi hawa hawana shida. Ukiwauliza njia za maambukizi ya VVU watakutajia zote. Ukiwauliza kama virusi huambukizwa kwa kushikana mikono, kula sahani moja au kulala chumba kimoja, watakujibu kwa usahihi kwamba haviambukizwi hivyo. Na katika mitihani ya muhula somo hili ni miongoni mwa yale wanayopata alama za juu. Wakifika wodini na kufungua faili linaloonyesha kwamba mgonjwa anahudhuria CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, mambo hubadilika. Nimemwona mwanafunzi akivaa glovu jozi mbili kwa ajili ya kupima shinikizo la damu. Nimemwona mgonjwa asiye na kidonda chochote akiachiwa ndugu yake amgeuze na kumtandikia, ilhali wagonjwa wa kulia na kushoto kwake wamehudumiwa na wanafunzi wale wale. Katika wodi ya wazazi, wanafunzi ambao dakika chache kabla walikuwa wakigombea nafasi ya kuzalisha ili wajaze vitabu vyao vya kumbukumbu hupata ghafla shughuli nyingine za kufanya, mara tu mama anapojulikana kuwa ana maambukizi.

Kinachonitatiza ni kwamba vijana hawa hawana roho mbaya. Wana huruma, na baadhi yao wamelelewa na bibi zao kwa sababu wazazi walifariki kwa UKIMWI katika miaka ambayo dawa hazikuwa zimefika vijijini. Tena hao hao, wanapomhudumia mgonjwa ambaye faili lake halitaji VVU, hutoa damu bila glovu na kurudishia kifuniko cha sindano kwa mikono miwili, jambo tunalolikataza tangu wiki ya kwanza ya masomo.

Tumeongeza vipindi vya nadharia na sioni badiliko. Mwenzangu mmoja amependekeza kwamba kila atakayebainika kumkwepa mgonjwa apunguziwe alama za mafunzo kwa vitendo. Nina mashaka na njia hiyo, ingawa sina nyingine mkononi ninayoiamini zaidi. Kinakosekana nini hasa?

Mwaka wa Tatu

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika mkoa mwingine, na ninaomba niseme kwa heshima yale ambayo wanafunzi hatuyasemi mbele ya wakufunzi wetu.

Njia za maambukizi tunazijua, kama ulivyoeleza. Tusichokijua ni hiki: nikichomwa na sindano saa nane ya usiku, niende kwa nani? Mtumishi aliyeajiriwa ana mkuu wake wa kazi na ana haki zake kwa mwajiri. Mwanafunzi si mtumishi wa hospitali, na chuoni anaambiwa kwamba akiwa wodini yuko chini ya hospitali. Hospitalini anaambiwa arudi kwa mkufunzi wake. Mwenzangu alichomwa na sindano ya kushonea akimhudumia mama aliyechanika wakati wa kujifungua. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa kwa nini hakuwa makini. Alinyamaza hadi asubuhi, akazungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na dawa za kumkinga asiambukizwe VVU alizipata jioni ya siku hiyo. Kwa bahati njema hakuambukizwa, lakini darasa letu zima liliiona safari yake, na hakuna kipindi cha nadharia kinachoweza kutusahaulisha.

Kuna pia hili la chanjo ya homa ya ini B. Tuliambiwa kila mmoja ajitafutie, na wengi wetu tuliingia wodini bila hata dozi moja kwa sababu ada ilikuwa haijakamilika. Glovu nazo huletwa kwa kubanwa, kiasi kwamba zamu ya usiku huzigawa kwa kukisia: anayejulikana kuwa na virusi avaliwe glovu, asiyejulikana aguswe kwa mikono mitupu. Utaratibu huo tumeukuta wodini, na tuliowakuta nao ndio waliotunong'oneza siku ya kwanza kwamba kitanda fulani tuwe nacho macho.

Nitaje jambo la mwisho, ambalo ni gumu zaidi kulisema. Ukichomwa na sindano unatakiwa upimwe wewe kwanza. Wapo miongoni mwetu wasiotaka kupimwa, kwa kuwa hawana hakika na majibu yao, na wapo wasiotaka kuonekana na wenzao kwenye foleni ya CTC wakisubiri dawa za kinga. Mwanafunzi wa namna hiyo akimkwepa mgonjwa, mara nyingine anakikwepa kipimo chake mwenyewe.

Daktari wa Zamu

Ninamshukuru mwanafunzi aliyeandika hapo juu, kwa kuwa ametaja mambo ambayo vikao vya hospitali huyapita haraka. Niongeze tarakimu, maana wanafunzi wengi na hata watumishi wameambiwa kwamba hatari ipo bila kuambiwa ukubwa wake.

Mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa VVU asiyetumia dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban asilimia 0.3, yaani watu 3 hivi katika kila 1,000 waliochomwa. Damu ikimrukia machoni au mdomoni, uwezekano hushuka hadi takriban asilimia 0.09. Ikimwagikia ngozi isiyo na mchubuko, hatari ni ndogo kiasi cha kutopimika. Sasa tazameni homa ya ini B: asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30, kulingana na hali ya virusi kwa mgonjwa, na virusi hivyo huweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka juu ya meza kwa siku 7 au zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi anayekiruka kitanda cha mwenye VVU, huku yeye mwenyewe hajapata dozi 3 za chanjo, anajihami dhidi ya hatari ndogo na kuiachia mlango iliyo kubwa. Chuo kinachompeleka wodini katika hali hiyo hakijamtendea haki.

Tarakimu hizo za VVU zilipatikana kabla dawa za kufubaza hazijaenea. Tanzania ilianza kutoa ARV bila malipo mwaka 2004, na tangu 2016 kila anayegundulika huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ya mwili ishuke. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kwamba takriban asilimia 83 ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini walijua hali zao, na kwamba miongoni mwa waliokuwa wakitumia dawa, zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa na virusi vilivyofubaa. Wanafunzi wakae na tarakimu hizo na kuzipeleka wodini. Mgonjwa ambaye faili lake linataja CTC mara nyingi ndiye mwenye virusi vichache mno katika damu yake. Wa kuhofiwa zaidi ni yule ambaye hajui, hajapima na hatumii dawa, ambaye faili lake halisemi lolote, na ambaye, kwa maelezo ya mwalimu, ndiye anayetolewa damu bila glovu.

Ndiyo maana kanuni ya tahadhari inamhusu kila mgonjwa. Glovu huvaliwa pale unapotarajia kugusa damu, majimaji ya mwili, utando laini au ngozi iliyochubuka, awe mgonjwa ni nani. Kupima shinikizo la damu, kutandika, kumgeuza mgonjwa mkavu na kumshika mkono hakuhitaji glovu, sembuse jozi mbili. Jozi mbili zina mahali pake katika upasuaji, ambako pia huvaliwa kwa kila mgonjwa.

Kuhusu ajali, mwanafunzi afundishwe hatua kwa mpangilio kama anavyofundishwa kumwamsha mtoto mchanga asiyepumua. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Lisikamuliwe wala lisimwagiwe jiki. Dawa za kinga zianzwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache za mwanzo, na kwa vyovyote zisivuke saa 72; kisha zinywewe kwa siku 28 bila kuruka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliowahusisha watumishi wa afya wa Marekani, Ufaransa, Uingereza na Italia, ulionyesha kwamba AZT, dawa ya zamani ya VVU, peke yake ilipunguza uwezekano wa kuambukizwa kwa takriban asilimia 81, na dawa tunazotoa leo ni bora kuliko hiyo na zinavumilika zaidi. Utafiti huo ulitaja pia ajali zilizo mbaya zaidi: jeraha lenye kina, kifaa chenye damu inayoonekana, sindano iliyotoka moja kwa moja kwenye mshipa, na mgonjwa aliye katika hatua za mwisho. Mwanafunzi anayeyajua haya anaingia wodini akiwa na hofu yenye kipimo, na hofu ya namna hiyo inamsaidia.

Muuguzi Mstaafu, Bukoba

Nawasalimu wanangu na wenzangu. Nilianza kazi mkoani Kagera mwaka 1986, miaka 3 baada ya wagonjwa wa kwanza nchini kutambuliwa katika mkoa wetu huu. Ugonjwa huo watu waliuita Juliana. Hospitali nyingi za wilaya hazikuwa na kipimo, kwa hiyo tuliwatambua wagonjwa kwa macho: kukonda, kuharisha kusikokoma, utando mweupe mdomoni, mkanda wa jeshi kwa kijana wa miaka ishirini. Glovu zilioshwa, zikachemshwa, zikaanikwa, zikapakwa poda na kuvaliwa tena. Hakukuwa na kinga ya kunywa baada ya kuchomwa, na hakukuwa na dawa ya kumpa mgonjwa zaidi ya kutibu magonjwa nyemelezi na kumsafisha.

Ninayakubali yote aliyoyasema mwanangu wa mwaka wa tatu kuhusu sindano, glovu na chanjo, na ninamwomba mwalimu ayafanyie kazi kabla ya kitu kingine chochote. Hata hivyo nina neno kwake. Hofu ya sindano haikielezi kitanda kilichorukwa. Kumgeuza mgonjwa, kumtandikia, kumsogezea uji, kusimama akueleze maumivu yake yameanzia wapi: humo hamna sindano. Hapo pana jambo jingine, nalo ni hukumu. Mwanafunzi amekwisha kuamua mgonjwa yule aliupataje ugonjwa, na amekwisha kumpangia kiasi cha huduma anachostahili.

Mwalimu akitaka kulithibitisha hilo, awatazame wanafunzi wake wakimhudumia mtoto aliyezaliwa na maambukizi, halafu awatazame wakimhudumia mhudumu wa baa mwenye maambukizi yale yale. Virusi ni vile vile na tahadhari ni ile ile, lakini mtoto anabebwa kifuani na mwanamke yule anasemeshwa kutoka miguuni mwa kitanda. Kama ingekuwa ni hofu ya kuambukizwa peke yake, wangewakwepa wote wawili. Mitaala inafundisha njia za maambukizi kwa ukamilifu na kuigusa hukumu hii kwa aya moja ya maadili, na vijana wanatoka nayo chuoni nzima kama walivyoingia nayo. Darasani waulizwe wazi: mgonjwa yupi unamwona amejitakia? Waachwe waseme, wasikemewe, kisha waulizwe kama wanamhukumu hivyo mzee mwenye uvimbe wa ini aliyekunywa gongo maisha yake yote, au kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu kwa mwendo wa kasi. Nimewahi kuendesha mazungumzo hayo na wanafunzi waliokuja wodini kwangu. Huchukua muda mrefu, na baadhi yao hutoka wakiwa wameudhika, lakini wiki inayofuata unaona tofauti.

Kuhusu kupunguza alama, sikubaliani nako. Anayeogopa kupunguziwa alama atakwenda kwa mgonjwa msimamizi anapomtazama, na mgonjwa atautambua mkono uliolazimishwa. Sista aliyekuwa mkuu wa wodi nilipoanza kazi hakutoa hotuba wala adhabu. Kila asubuhi alianza mzunguko kwa mgonjwa ambaye ndugu zake walikuwa wamemkimbia. Alivuta kiti, akaketi, akamshika mkono na kumsalimia kwa jina, na sisi tuliokuwa wapya tulitakiwa kusimama karibu yake kiasi cha kusikia wanachozungumza. Baada ya wiki chache tulikuwa tukianza pale hata siku ambazo yeye hayupo. Mwanafunzi hufuata mkubwa anayemwona kazini kuliko kitabu, kwa mema na kwa mabaya. Kwa hiyo, mwalimu, kabla hujawapima wanafunzi, wapime wale unaowakabidhi kwao.

Mama wa Njombe

Shikamoo mama yangu wa Bukoba, na ninawasalimu wengine wote. Mimi si mtaalamu. Ninaishi na VVU, na nimejifungua watoto wawili baada ya kuijua hali yangu, wote wawili hawana maambukizi. Mkoa wetu wa Njombe ndio wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi nchini, kwa hiyo mtu angedhani kwamba kwetu wahudumu wamekwisha kutuzoea. Kwa kuwa mwalimu ameuliza, niseme yanayoonekana ukiwa umelala kitandani.

Mgonjwa hujua kwamba faili lake limesomwa kabla hajasemeshwa. Wanafunzi wawili wanasogea pembeni, wananong'ona, mmoja anarudi akiwa amevaa glovu ambazo hakuwa amezivaa kwa mwenzako wa kitanda cha jirani, anakuuliza maswali yale yale aliyomuuliza yeye lakini kwa haraka zaidi. Wagonjwa wengine si vipofu. Ninafahamu kwamba Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa mtu na kutoa siri ya majibu yake, na sina shaka kwamba wanafunzi wameisoma. Lakini ukivaa glovu kwa mgonjwa mmoja tu katika wodi nzima, umekwisha kuwaambia watu wote waliomo pamoja na wageni wao, na hukufungua mdomo. Jioni ile mama mkwe wa mwanamke wa jirani alimwambia asinipe tena beseni lake.

Mwalimu na daktari wameeleza madhara kwa upande wa mwanafunzi. Naomba wanafunzi wajue pia kinachofuata kwa mgonjwa. Nilipopata ujauzito wa pili nilitamani sana kwenda kujifungulia mahali nisikojulikana na kuiacha kadi yangu nyumbani. Wapo kina mama waliofanya hivyo. Mama akificha, mtoto wake anazaliwa bila kupewa nevirapine, dawa ya kumkinga na VVU, katika siku zake za kwanza, mahali ambapo dawa hiyo iko kabatini hatua chache kutoka alipolala. Sikuificha kadi, kwa sababu ya mwanafunzi mmoja wa kiume niliyemkuta kliniki. Aliisoma kadi yangu mbele yangu, akaniuliza, "Mama, dawa zako huwa unazinywa saa ngapi, ili siku ukilazwa tusikupitishe muda?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza siku ya hedhi ya mwisho. Alikuwa anajua, nami nikajua kwamba anajua, na sikuona aibu yoyote mbele yake. Sijui ni nani aliyemfundisha kuuliza vile, ila ninaamini kwamba jambo hilo linaweza kufundishwa.

Mhadhiri wa Kisumu

Hamjambo jamaa zetu wa Tanzania. Ninafundisha maafisa wa kliniki upande huu wa Kenya, na sauti ya Mama wa Njombe ndiyo ninayotaka kuishikilia, kwa kuwa vyuo vingi huwaita watu wanaoishi na VVU kwa namna isiyosaidia. Mgeni anasimamishwa mbele ya darasa asimulie masaibu yake, wanafunzi wanatokwa machozi, mgeni anapigiwa makofi na kupewa nauli. Wanafunzi hutoka wakiwa na huruma nyingi, na huruma hiyo haiwafundishi namna ya kumuuliza mgonjwa kuhusu dawa zake wala namna ya kushika mkono wake bila kusita.

Katika idara yetu wao ni walimu. Wanalipwa kwa saa kama walimu wengine wa muda, na kazi yao ni kufanyiwa mahojiano na kupimwa na wanafunzi wawili wawili, kisha kumwambia kila mwanafunzi kwa uwazi ni wapi alisita, ni wapi alitumia neno lenye kuumiza, na ni wapi alimfanya ajisikie yuko salama. Wazo hili si letu. Noerine Kaleeba, aliyekuwa mwalimu wa fiziotherapia katika hospitali ya Mulago, alimpoteza mumewe Christopher mwezi Januari 1987, na mwaka huo huo akaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia walioguswa na UKIMWI, nchini Uganda pamoja na wenzake, wengi wao wakiwa wenyewe wameguswa na ugonjwa. Mwaka 1994, katika mkutano wa kilele uliofanyika Paris, nchi 42 zilitia saini tamko lililotaka watu wanaoishi na VVU washirikishwe kikamilifu katika shughuli zinazowahusu. Mafunzo ya wahudumu wa afya ni shughuli inayowahusu kuliko karibu nyingine zote, na bado vyuo vingi vimechelewa.

Tunafundisha pia sheria, kwa mkazo. Sheria yetu ya mwaka 2006 inakataza mtu kunyimwa huduma katika kituo cha afya, au kutozwa ada kubwa zaidi, kwa sababu ya hali yake ya VVU, na iliunda Baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya namna hiyo. Ninaona ni vyema mwanafunzi ajue kwamba mgonjwa aliye mbele yake ana mahali pa kulalamika. Hata hivyo ninakubaliana na mama wa Bukoba kwamba sheria na adhabu humfikisha mwanafunzi kando ya kitanda tu. Kinachobaki hujifunzwa kwa kumwona mtu akikifanya, na kwa kukifanya mara nyingi hadi kitanda kile kiwe sawa na vingine.

Mkufunzi wa Ziwa

Ninawashukuru nyote kwa uzito mliolipa swali hili. Mama wa Bukoba, shikamoo. Jaribio lako la mtoto na mhudumu wa baa nililifanya wiki hii bila kuwaambia wanafunzi, na nililoliona ni lile lile uliloliandika. Mazungumzo ya darasani kuhusu hukumu nitayaanza muhula huu, na suala la kupunguza alama nimeliondoa mezani. Mama wa Njombe, nimekwisha kuzungumza na kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, kilicho karibu na chuo ili tuone namna ya kuwapata walimu, na watalipwa. Chanjo ya homa ya ini B nimeipeleka kwa mkuu wa chuo kama sharti la kumruhusu mwanafunzi kuingia wodini, huku gharama yake ikiingizwa kwenye ada badala ya kuachiwa kila mmoja. Kwa kuwa dozi hutolewa mwanzoni, baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 6, itabidi waanze mara tu wanapojiunga.

Limebaki lile la saa nane ya usiku. Hospitali tunayopeleka wanafunzi huhifadhi dawa za kinga CTC, na CTC hufungwa jioni. Daktari, kwenu mmelitatuaje?

Daktari wa Zamu

Tumeziondoa dozi za kuanzia kutoka CTC. Pakiti za siku chache za mwanzo zinakaa idara ya dharura na wodi ya wazazi, mahali ambapo ajali nyingi hutokea, na funguo zinashikwa na kiongozi wa zamu. Anayechomwa anaanza dawa usiku huo huo. Kipimo chake na cha mgonjwa hufanyika bila kuchelewesha dozi ya kwanza, kwa ridhaa yao, na kama majibu yakionyesha kwamba dawa hazihitajiki zinasimamishwa. Dozi zilizobaki huletewa na mtu mmoja aliyeteuliwa, kwa siri, ili asipange foleni mbele ya wenzake. Hili linajibu hofu ile aliyoitaja mwanafunzi. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3.

Makubaliano yenu na hospitali yaandikwe na kutiwa saini kabla ya kundi lijalo kuingia, na yataje wanafunzi kwa jina hilo la wanafunzi, kwa sababu neno "watumishi" peke yake ndilo lililowaacha nje hapo awali. Fomu ya ajali iulize ajali ilitokea saa ngapi, kwa kifaa gani na katika kazi gani. Swali la kwa nini hukuwa makini liondolewe kwenye fomu na kwenye vinywa vya viongozi wa zamu. Siku ya kwanza ya mafunzo, kabla hawajaonyeshwa kitanda chochote, wapitishwe kwa miguu hadi kwenye kabati lenye pakiti hizo na watambulishwe kwa anayeshika ufunguo.